Kuzoea "go on", "go off", "go over" na wenzake: mwongozo kwa anayefikiri kwa Kiswahili

Mtu anayekijua kitenzi "go" tangu shule ya msingi bado anaweza kukwama akiambiwa "The alarm went off." Anaona "went", anajua ni kwenda. Anaona "off", anajua ni kuzima. Anajumlisha, anapata alamu imezima. Kumbe imelia.

Nafundisha Kiingereza cha mazungumzo kwa watu wazima, wengi wao wahudumu wa hoteli, madereva wa watalii na makarani. Hapa ndipo hata wenye sarufi nzuri wanapokwama, kwa sababu walipewa orodha ndefu wakariri, na orodha haikai kichwani. Mimi huanzia kwenye Kiswahili chenyewe. Kazi inayofanywa na vitenzi hivi, ambavyo Waingereza huviita "phrasal verbs", sisi tunaifanya kila siku kwa njia nyingine.

Hatua ya 1: Anza na mwisho wa kitenzi cha Kiswahili

Chukua "enda". Badilisha mwisho wake: endelea, endana, endesha, endeka. Mzizi ni uleule, maana zimeachana, na hakuna anayewaza miguu anaposema rangi hizi zinaendana. Kiingereza hakina viambishi vya namna hiyo. Kinaweka neno dogo nyuma ya kitenzi, na neno hilo ndilo linalogeuza maana. Endelea ni "go on". Endana ni "go with":

"This tie doesn't go with that shirt." Tai hii haiendani na shati lile.

Sasa chukua "pitia". Amepitia mengi: "She has gone through a lot." Tupitie mahesabu: "Let's go over the accounts." Tofauti ya hizo mbili inafaa uijue. Kwa nyaraka, "go over" ni kuangalia tena, kuhakiki, au kumweleza mtu kwa mara nyingine. "Go through" ni kupita kitu mwanzo hadi mwisho, ukurasa kwa ukurasa. Kwa shida, maradhi au msiba, tumia "go through" tu.

Ulinganisho huu una mpaka wake. "Nitapitia kwako jioni" si "go through" hata kidogo, hapo Mwingereza atasema "I'll drop by this evening." Ndiyo maana nakusihi uandike sentensi nzima daftarini, kamwe usiandike neno na tafsiri yake peke yake.

Hatua ya 2: Shika maumbo matatu

Go, went, gone. "Went" halifanani na "go" kwa sababu hapo zamani lilikuwa la kitenzi kingine, "wend", likahamia huku likakaa. Neno dogo la nyuma halibadiliki kamwe: "prices go up", "prices went up", "prices have gone up".

Hatua ya 3: Kabla ya kutafsiri "go off", uliza ni nini kilicho-"go off"

Hii ndiyo hatua ninayoikalia muda mrefu kuliko zote, maana "go off" ina sura nyingi na mwenye kuamua ni kiima, yaani kile kinachotajwa mwanzoni mwa sentensi.

Ikiwa ni alamu, imelia. Ikiwa ni bomu, limelipuka. Ikiwa ni bunduki, imefyatuka. Hizi tatu ni ndugu: fikiria mtego uliotegwa ukakaa kimya, kisha ukafyatuka. Alamu nayo umeitega usiku, asubuhi inafyatuka. Ukilishika hilo, hutababaika tena.

Ikiwa ni taa au umeme, umezimika: "The power went off at eight." Hapa unaweza pia kusema "went out". Moto au mshumaa ukizimika, sema "went out" tu.

Ikiwa ni maziwa, nyama au samaki, vimeharibika: "Smell this milk. I think it's gone off." Huu ni usemi wa Uingereza. Mgeni kutoka Marekani atasema "gone bad", kwa hiyo anayehudumia wageni wa pande zote mbili azijue zote.

Ikiwa ni mtu, ameondoka: "He's gone off to Dodoma." Lakini mtu huyohuyo akifuatiwa na jina la kitu, maana inageuka kabisa: "He's gone off fish" ni kwamba samaki hamtamani tena, amewakinai. Huo nao ni wa Uingereza.

Fanya zoezi hili papo hapo. Andika sentensi tano zenye "went off", kila moja na kiima chake: alamu yako, umeme wa mtaani kwenu, maziwa yaliyolala nje ya friji. Zisome kwa sauti. Vitu vikiwa vyako, vinakaa.

Hatua ya 4: Tenganisha kuzima na kuzimika

Kiswahili kinatusaidia mno hapa. Zima ina mtendaji, zimika haina. "Someone turned off the lights": mtu amezima taa. "The lights went off": taa zimezimika. Basi usiseme "I went off the light", wala "The light was gone off". Taa zikizimika zenyewe ni "went off". Ukitaja aliyezizima, au ukitaka kusema zimezimwa, rudi kwenye "turn off".

Hatua ya 5: Weka "it" mahali pake

Kwa "turn off" unasema "turn it off", na "it" linaingia katikati. Wanafunzi wakishaizoea hiyo, huipeleka hadi kwenye "go" wakasema "go it over". Hapana. Kwenye "go", kinachotajwa hukaa nyuma ya neno dogo: "go over it", "go through it", "go without it".

Maneno yakiwa matatu, kanuni ni ileile. "Go through with it" ni kutekeleza jambo ulilopanga hata kama ni gumu. "Go along with it" ni kukubaliana nalo. "Go back on" ni kuvunja ahadi: "He went back on his promise."

Hatua ya 6: "By" na "to" kwenye bei

Kupanda ni "go up", kushuka ni "go down". Hapo hakuna shida. Shida iko kwenye neno linalofuata, na kwenye biashara linaweza kukugharimu pesa. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji Tanzania, wanapotangaza bei za mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi, ukasema "Petrol has gone up by 100 shillings", umetaja kilichoongezeka. Ukisema "gone up to", umetaja bei mpya. Karani anayeandika barua pepe kwa mteja asibadilishane hivi viwili.

Hatua ya 7: "Go on", na jinsi ya kuitamka

"She went on talking": aliendelea kuongea, jambo lilelile. "She went on to talk about salaries": alimaliza jambo moja, kisha akaingia kwenye mishahara. Herufi chache tu, habari mbili.

"What's going on?" ni kunani, kuna nini hapa. Sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo uzito tunauweka kwenye "going". Mwenye lugha anaukaza "on". Vivyo hivyo "The alarm went off": kati ya "went" na "off", linalokazwa zaidi ni "off". Na "go on" ikitamkwa haraka, kati ya maneno hayo mawili inasikika w nyepesi, kama "gowon". Usipoijua hiyo, utasikia neno moja usilolifahamu.

Mtu akikuomba ruhusa, "May I sit here?", jibu la kawaida ni "Go ahead."

Wengine wanaokutana nawe mara nyingi: "I'll go for the fish" hotelini ni kuchagua samaki. "These go for 20,000 shillings" ni bei ya kuuzia. "There isn't enough pilau to go round": pilau halitoshi watu wote. "Years went by": miaka ilipita.

Kwenye barua ya maombi ya kazi au ripoti rasmi, punguza haya. Andika "continue" badala ya "go on", "increase" badala ya "go up", "examine" badala ya "go through". Kwenye mazungumzo, hayo marefu yatakufanya uonekane unasoma hotuba.

Hatua ya 8: Jipime

Soma habari hii, funika sehemu ya chini, na uiseme kwa Kiingereza kwa sauti:

Umeme ulikatika usiku, simu ikaisha chaji, alamu haikulia. Maziwa nayo yalikuwa yameharibika, ikabidi nikae bila chai. Kazini bosi akaniita tupitie mahesabu. Akasema mafuta yamepanda, kisha akaendelea kuongea mpaka saa saba.

Linganisha na hii:

"The power went off in the night, my phone ran out of battery and the alarm didn't go off. The milk had gone off too, so I had to go without tea. At work my boss called me in to go over the accounts. He said petrol had gone up, then he went on talking until one o'clock."

Ulipokosea, rudi kwenye hatua husika, kisha iseme tena yote bila kutazama.