SOMO: Kufunga linki ya maikrowevu inayovuka mpaka, kuanzia karatasi mpaka kulenga dishi

Wakuu habari za saa hizi. Linki ya maikrowevu ni mawasiliano ya redio kati ya madishi mawili yanayotazamana, kila moja kwenye mnara wake. Hili somo naliandika mara moja ili mtu akiniuliza tena nimuelekeze hapa, maana kila wiki napata ujumbe ule ule, "nina ofisi Himo na nyingine Taveta, mnara wa upande wa pili nauona kwa macho, ninunue redio gani?" Kuuona mnara ni vizuri ila redio ndiyo kitu cha mwisho kununua, na watu wengi wanaanza nayo halafu inakaa stoo mwaka mzima.

Natumia mfano wa mpaka wa Holili (Tanzania) na Taveta (Kenya) kwa sababu ndio maswali yanakotoka, ila ukiwa Namanga, Sirari, Horohoro, Mutukula au Tunduma mambo ni yale yale, inabadilika mamlaka tu.

Hatua ya 1. Jua kisheria wewe ni nani

Signali ikishavuka mpaka hayo ni mawasiliano ya kimataifa hata kama umbali ni kilomita tatu. Kanuni za Redio za ITU (shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa), kifungu cha 18, ziko wazi kwamba mtu binafsi au kampuni haweki kituo cha kurusha bila leseni ya serikali ambayo kituo hicho kiko chini yake. Kwahiyo hakuna kitu kinaitwa leseni moja ya linki, kuna vituo viwili, cha Himo kiko chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na cha Taveta kiko chini ya CA, mamlaka ya mawasiliano ya Kenya. Kwetu leseni za miundombinu zimegawanywa ngazi ya kimataifa, kitaifa, mkoa na wilaya, sasa kama una ya mkoa haikuvushi. Kenya nao wana leseni yao ya lango la kimataifa.

Kama wewe ni shule, hospitali au kampuni ya kusafirisha mizigo usijitese. Tafuta mwenye leseni upande huu na mwenye leseni upande ule, kila mmoja amiliki saiti yake (mnara na vifaa vyake), wewe ukodi uwezo wa kupitisha data juu yao. Ni halali na usiku unalala.

Hatua ya 2. Masafa (frikwensi), na hapa naomba usome taratibu

Hii ndiyo hatua inayoua miradi mingi kuliko mvua na radi. Redio ya maikrowevu ya leseni inatumia masafa mawili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, saiti moja inarusha kwenye nusu ya juu ya bendi (fungu la masafa) na nyingine kwenye nusu ya chini, na kati ya hayo mawili kuna nafasi maalum ambayo mafundi tunaiita dupleksi. Sasa bendi ya 7 GHz peke yake ina mipango kadhaa inayotambulika kimataifa, kuna wa dupleksi ya 154 MHz, kuna wa 161, kuna wa 168, na kila nchi inachagua wake. Wewe unaenda mamlaka ya nchi yako unapewa chaneli, mwenzako anaenda ya kwake anapewa chaneli, kila mtu ana karatasi ina muhuri, na zile chaneli mbili haziongei.

Na usifikiri utarekebisha kwenye programu. ODU, ile redio inayokaa nyuma ya dishi, ina filta ya chuma ndani iliyotengenezwa kwa kipande kimoja cha bendi na dupleksi moja. Ukiagiza ya 154 na mwenzako ya 161 hakuna menyu ya kukuokoa, ni kuagiza upya. Kwahiyo:

- Maombi yaingie mamlaka zote mbili kwa wakati mmoja, na kila fomu iandike wazi kwamba ncha ya pili iko nchi jirani, iweke na kuratibu zake (latitudo na longitudo). Mamlaka zinaandikiana zenyewe, wewe huwezi kufanya hiyo kazi kwa niaba yao. Kwa ukanda wetu wanakutana pia kupitia EACO, umoja wa mamlaka za mawasiliano za Afrika Mashariki, makao yake yako Kigali, na masafa ya mipakani ni moja ya kazi zao.
- Usilipie ODU mpaka karatasi zote mbili ziwe mezani na jozi ya masafa ifanane tarakimu kwa tarakimu. Muuzaji atakwambia stoki inaisha. Iishe.
- Uliza nani tayari yuko kwenye huo mnara na anarusha juu au chini. Mnara mmoja ukiwa na mtu anayerusha juu na mwingine anayerusha chini kwenye bendi ile ile, wataumizana, na wewe mgeni ndiye utakayeambiwa uondoke.
- Andikeni kabisa wimbi ni la wima au la mlalo. Saiti moja ikiwa wima na nyingine mlalo signali inapungua hata dB 30 (dB ni kipimo cha kulinganisha nguvu za signali), utazunguka na spana siku nzima ukidhani dishi limekosea upande.

Hatua ya 3. Kuratibu

Chukua kwa GPS, kwenye mfumo wa WGS84 ambao GPS inautumia, pande zote mbili, ukiwa umesimama chini ya mnara. Usichanganye na ramani za zamani za upimaji. Ramani za 1:50,000 za Kenya na Tanzania ziko kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa upimaji, na pointi ile ile ikisomwa Arc 1960 na WGS84 inatofautiana karibu mita 300, zaidi upande wa kaskazini na kusini. Linki ya Himo kwenda Taveta inaenda mashariki, yaani hilo kosa linaingia ubavuni. Kwa linki ya kilomita 5 mita 300 ni digrii zaidi ya 3, wakati dishi la mita 1.2 kwenye 7 GHz mwale wake mkuu wa mawimbi una upana wa digrii 2 na kitu. Na hata kama mtalenga kwa mkono mkapatana, leseni itakuwa imeandikwa sehemu ambayo mnara haupo.

Hatua ya 4. Kupima njia

Kuona kwa macho haitoshi. Mfano kilomita 20 kwenye 7.5 GHz, katikati ya njia wimbi linahitaji nafasi, asilimia 60 ya zoni ya kwanza ya Fresnel (nafasi inayozunguka mstari ulionyooka kati ya madishi) ni kama mita 8.5, ongeza mgongo wa dunia, yaani kupinda kwake, karibu mita 6, tayari una mita 14 na nusu juu ya kizuizi chochote kilicho katikati. Ongeza miti. Ongeza na miaka mitano ya miti kukua, mkonge hautakusumbua ila mgrivelia utakusumbua.

Hatua ya 5. Bendi

Zaidi ya kilomita 15 mimi naenda 7 au 8 GHz. 15 na 18 kwa fupi. 23 chini ya kilomita 5, mvua zetu hazina huruma juu ya 10 GHz.

Hatua ya 6. Vifaa na watu kuvuka

Kila upande uingize vifaa vyake kwa njia yake na kwa uidhinishaji wa vifaa wa nchi yake. Usibebe redio kwenye buti la gari. Vipimo kama spektramu analaiza (mashine ya kusoma mawimbi ya redio) ukivuka navyo, vitangaze forodhani kama uingizaji wa muda, andika namba za serial zote, na hiyo karatasi urudi nayo. Wapanda minara nao kila upande watumie wa kwao, maana kuvuka kwa ajili ya kazi bila kibali cha kazi ni kesi hata kama ni ya saa mbili.

Hatua ya 7. Kulenga

Kabla hujapanda piga hesabu ya signali unayotegemea. Kwa kilomita 20, 7.5 GHz, njia inakula kama dB 136. Madishi mawili ya mita 1.2 yanakurudishia 37 kila moja, unarusha 20 dBm (dBm ni kipimo cha nguvu yenyewe ya signali), jibu ni kama -42 dBm. Iandike kwenye kiganja kama huna karatasi.

Halafu anasogeza mmoja, mwingine mikono mfukoni. Zungusha dishi pole pole kulia mpaka kushoto, utakutana na vilele vitatu, kidogo, kikubwa, kidogo. Cha katikati ndicho chako. Ukisimama kwenye kilele cha pembeni utapata -60 na kitu, taa itawaka kijani, linki itapitisha data, utashuka ukila chipsi, mvua ya kwanza inakata. Kama hesabu ilisema -42 na wewe una -62, usikubali mtu akwambie "redio hizi ndivyo zilivyo". Rudi juu. Ukishapata kulia na kushoto ndio unaingia juu na chini, kisha unamwachia mwenzako.

Kitu kingine, mpakani simu zinaruka mtandao, uko juu ya mnara Himo simu inashika wa Kenya halafu mnapotezana. Chagua mtandao kwa mkono kabla ya kupanda. Na dira usiitumie ukiwa umeegemea chuma cha mnara, inadanganya, simama mbali chagua alama kwenye upeo.

Hatua ya 8. Kupima na kukabidhi

Iache ikimbie siku nzima na usiku wake, pima makosa ya biti, hifadhi grafu, pande zote mbili zisaini.

Maswali karibu.

---

MASWALI

jembe_la_hai: Mkuu somo zuri, naomba unipe tu frikwensi za kuweka Holili, hayo mengine nitajua mbele ya safari

Jibu: Hatua ya 2.

jembe_la_hai: nimesoma mkuu ila hujataja frikwensi

Jibu: Sijazitaja kwa sababu si za kwangu kukupa. Zinatolewa na mamlaka mbili. Soma tena.

Kamanda_Namanga: Mnatisha watu bure. Mimi nina linki ya 5.8 GHz inavuka hapa toka 2019 na hakuna aliyeniuliza, bendi haina leseni ile

Jibu: Ndugu, kutoulizwa si kuruhusiwa. Bendi kuwa huru kwenye masafa hakukupi ruhusa ya kupitisha mawasiliano ya kimataifa, hizo ni leseni mbili tofauti na nimezitenganisha hatua ya 1. Na masharti ya nguvu za kurusha ni ya kila nchi, unachoruhusiwa upande mmoja huenda umekizidisha upande wa pili. Sikutishi, ila wakikufuata watabeba vifaa na wateja wako watabaki gizani. Fanya utakavyo, usiwashauri wengine.

Mama Linki (Tunduma): Asante sana kaka. Sisi na wenzetu wa Nakonde tuna shida nyingine, linki ikikata sisi tunaandika saa nne asubuhi wao wanaandika saa tatu, kwenye ripoti inaonekana imekata mara mbili. Mnafanyaje?

Jibu: Dada hili swali zuri na sikuliweka kwenye somo, nashukuru. Zambia wako nyuma yetu saa moja, na ukiongeza sisi tunahesabu saa kuanzia asubuhi wao wanasoma tarakimu za saa ya mkononi, vurugu inazidi. Wekeni redio zote na rauta zote kwenye UTC (saa ya pamoja ya dunia), zichukue muda kutoka NTP moja (seva ya kutoa saa kwenye mtandao), na kitabu cha matukio kiandikwe UTC peke yake, mezani wekeni saa ya ukutani ya UTC. Hata ugomvi wa fidia unaisha maana grafu zenu mbili zitalala moja juu ya nyingine.

Papa Tech wa Uvira: Bonjour bakubwa. Miye niko Uvira, tunataka kufika Bujumbura, ni ziwa tupu katikati, kama kilomita 25. Mchana inaenda muzuri, kuanzia magaribi signali inapanda na kushuka bila mvua. Ni mashini ao ni nini?

Jibu: Karibu sana ndugu yangu, mashine yako ni nzima. Maji yametulia yanakuwa kama kioo, dishi linapokea wimbi la moja kwa moja na lingine lililogonga ziwa, yakifika yamepishana yanafutana. Jioni hewa juu ya maji inabadilika, njia inapinda kidogo, ndio maana unaona kupanda na kushuka. Dawa ya kwanza ni urefu usiolingana. Pointi ya kugonga huwa karibu na antena iliyo chini. Tuseme upande wako umepanda milima ya nyuma ya Uvira, mita 400 juu ya ziwa, na Bujumbura antena iko mita 30 juu ya maji, hesabu ni 25 mara 30 gawanya 430, unapata kama kilomita 1.7 kutoka Bujumbura. Antena ya huko ikikaa ndani ya mji zaidi ya hapo kutoka ufukweni, wimbi linagonga nyumba na miti badala ya maji, linatawanyika. Kama huwezi kuhamisha, weka madishi mawili ya kupokea kwenye mnara mmoja, yaachane mita kadhaa juu na chini, moja likififia lingine linakuwa zima. Mamlaka zenu ni ARPTC upande wa Kongo na ARCT upande wa Burundi, hatua ya 2 ni ile ile. Niletee picha ya grafu ya usiku mmoja nitakusaidia kuisoma.

Papa Tech wa Uvira: Merci mingi sana. Kwa milima tuko na nafasi, nitapima kwanza.

kijana_wa_moshi: kwani mkuu Starlink si inamaliza hii kazi yote?

Jibu: Nayo inahitaji leseni nchi kwa nchi. Mada ni maikrowevu.

Otis Taveta: Niaje boss. Yangu ilikuwa poa mwezi mzima, sai iko chini dB 6 kila upande na hakuna mti. Upepo huku ni mwingi.

Jibu: Otis, zikishuka sawa pande zote mbili ni dishi limehama, si redio. Kagua boliti za kifundo cha nguzo kwanza, halafu ule mkono wa pembeni wa kuzuia dishi lisizunguke, wengi wanaufunga kwenye chuma chembamba cha mnara kinachocheza. Ufunge kwenye mguu mkuu. Ukishalenga upya, piga mstari wa rangi kupita juu ya nati na boliti, ukirudi baada ya upepo ukakuta mstari umekatika utajua nati gani imelegea bila hata kuigusa. Na ukiwa huko juu angalia earth (waya wa ardhini), redio nyingi za volti -48 waya wa plus ndio unaenda ardhini, nimekuta umefungwa kinyume kwenye saiti kadhaa.

Otis Taveta: Plus kwa earth? Wacha nipande nikaangalie kwanza.

Jibu: Zima breka ya umeme ndio ufungue. Na piga picha kabla hujagusa waya wowote.