Jukwaa Jipya la Muziki Likiingia Kenya: Andaa Nyimbo Zako Kabla ya Tangazo

Spotify, jukwaa la kusikiliza muziki mtandaoni, ilipofungua Kenya Februari 2021, haikutuma mtu azunguke studio za Nairobi akikusanya nyimbo. Iliwafungulia Wakenya hifadhi iliyokuwepo tayari, na nyimbo za wasanii wetu zilizokuwa humo ni zile zilizopelekwa mapema na wasambazaji wa muziki, yaani kampuni zinazofikisha nyimbo kwenye majukwaa, ili zisikilizwe ng'ambo. Majukwaa mengi ya kimataifa yakiingia nchi mpya hufuata njia hiyo hiyo. Mabango na karamu ya uzinduzi ni mambo ya kampuni. Kazi ya msanii, meneja na prodyusa huanza miezi kabla, na karibu yote ni ya karatasi.

Haki kwanza, kupakia baadaye

Wimbo mmoja una mali mbili ndani yake. Kuna utunzi, yaani maneno na melodia, na kuna rekodi, yaani masta iliyotoka studio. Jukwaa hulipa zote mbili, ila kwa njia tofauti: pesa za rekodi hupitia msambazaji, za utunzi hupitia vyama vya hakimiliki au wakala wa watunzi. Anayesubiri malipo ya msambazaji pekee anakula upande mmoja wa sahani.

Ugomvi unaojirudia Nairobi ni huu: msanii amelipa pesa ya studio, prodyusa ametengeneza biti, na hakuna aliyeandika kitu. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inamtambua mwenye rekodi kuwa yule aliyefanya mipango ya kurekodi. Msanii atasema ni yeye kwa kuwa alitoa pesa. Prodyusa atasema ni yeye kwa kuwa vyombo, biti na usiku kucha wa kazi ni vyake. Wote wawili wana hoja, na wimbo ukishapata wasikilizaji hakuna atakayelegeza. Andikeni ukurasa mmoja kabla ya kupakia. Uwe na jina la wimbo, majina rasmi na namba za kitambulisho, majina ya kisanii, asilimia za utunzi zinazojumlika 100, asilimia za masta zinazojumlika 100, tarehe na saini. Migao hiyo miwili si lazima ifanane. Mwandishi wa maneno na mtengeneza biti wanaweza kugawana utunzi 50 kwa 50, huku masta ikigawanywa 70 kwa 30. Mkikubaliana kuhamisha hakimiliki yenyewe, sheria inataka maandishi yaliyotiwa saini. Ahadi ya mdomo haihamishi kitu.

Biti iliyopatikana mtandaoni kwa dola chache mara nyingi haijanunuliwa, imekodiwa. Soma leseni yake hadi mwisho. Nyingi zina kikomo cha idadi ya usikilizaji, na kwa kawaida zinakataza kuusajili wimbo kwenye Content ID ya YouTube, mfumo unaotambua muziki uliomo kwenye video za watu, maana biti ile ile iko kwa watu wengine pia. Ukiusajili, mfumo utaanza kudai video za wenzako, nao watalalamika, na msambazaji anaweza kuifunga akaunti yako yote, si wimbo huo tu.

Kwa benga na nyimbo za zamani za lebo za River Road, Nairobi, tatizo ni jingine. Wanamuziki wengi walilipwa mara moja wakaenda zao, na masta zikabaki na mwenye lebo. Utunzi hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Rekodi hulindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipotengenezwa. Kwa hiyo familia inaweza kuwa na utunzi wa marehemu mkononi ilhali rekodi ni ya mtu mwingine. Kabla miaka hiyo haijaisha, kusafisha kaseti na kuipakia bila idhini ya mwenye rekodi ni kosa. Kuurekodi wimbo upya ni njia halali, mradi haki za utunzi hazikuuzwa pamoja na masta, na ndiyo sababu mkataba wa zamani utafutwe kwanza.

Sajili kazi kwa KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, kisha tafuta chama cha hakimiliki. Kwa miaka mingi MCSK imekuwa ya watunzi, KAMP ya wazalishaji wa rekodi na PRISK ya waimbaji na wapigaji vyombo. Leseni za vyama hivi hutolewa na KECOBO na zimezua mvutano hadi mahakamani, basi uliza KECOBO ni chama kipi kina leseni kwa sasa kabla ya kujaza fomu yoyote. Kwa wasikilizaji wa Marekani, mtunzi anayejisimamia anaweza kujiandikisha moja kwa moja na The MLC, shirika linalokusanya sehemu ya pesa za utunzi za usikilizaji wa mtandaoni huko tangu 2021. Kujiunga ni bure. Ni ajabu jinsi watunzi wachache wa hapa wanavyojisumbua nalo.

Msambazaji

Huwezi kupakia wimbo moja kwa moja kwenye majukwaa kama Spotify na Apple Music, unahitaji msambazaji. DistroKid hutoza ada ya mwaka, na ukiacha kulipa nyimbo zinaweza kuondolewa. CD Baby hutoza mara moja kwa kila toleo, kisha huchukua 9% ya mapato. Anayetoa nyimbo kila mwezi atapata nafuu kwa ada ya mwaka. Mwenye albamu moja ya injili anayotaka ikae miaka 20 afadhali alipe mara moja.

Akaunti ikishafunguliwa, kagua mipangilio miwili ambayo watu huipita haraka. Ya kwanza ni ile inayoruhusu majukwaa mapya kuongezwa bila kuulizwa. Ikiwa imezimwa, jukwaa litaingia Kenya na nyimbo zako zitabaki nje hadi uziongeze moja moja. Ya pili ni maeneo: chagua dunia nzima. Kuna nyimbo ambazo Kenya yenyewe iliondolewa kwenye orodha kwa sababu ya mkataba wa zamani wa kipekee na kampuni ya hapa, mkataba ulipokwisha hakuna aliyekumbuka kuirudisha.

Ukihama msambazaji, beba ISRC zako. Hiyo ni namba ya herufi na tarakimu 12 inayoitambulisha rekodi moja duniani kote. Pakia kwa msambazaji mpya ukitumia ISRC ile ile, faili ile ile ya sauti na jina lililoandikwa vile vile hadi nukta. Subiri matoleo yote mawili yaonekane, ndipo uondoe la zamani. Ukiondoa kwanza, au ukikubali namba mpya, wimbo unaweza kuanza upya na sifuri na kutoka kwenye orodha zote za nyimbo (playlist) ulizokuwemo.

Jinsi wimbo unavyoandikwa

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea kimyakimya. Jina la msanii liwe moja siku zote: ukiwa na nukta leo na bila nukta kesho, majukwaa yatafungua kurasa mbili. Jina likiwa la kawaida, kama vile Baraka au Malaika, nyimbo zako zinaweza kuangukia ukurasa wa mwimbaji wa nchi nyingine mwenye jina hilo. Dawa ni kuweka kitambulisho cha ukurasa wako, yaani kiungo chake cha Spotify na Apple Music, kwenye fomu ya msambazaji kila unapopakia.

Kwenye jina la wimbo usiandike jina la prodyusa, wala maneno ya video rasmi, wala alama za hisia. Aliyeshirikishwa huwekwa kwenye nafasi yake ya mshirika, la sivyo wimbo hautaonekana kwenye ukurasa wake. Lugha ya Sheng' haimo kwenye orodha nyingi, chagua Kiswahili. Wimbo wenye matusi uwekewe alama ya lugha chafu hata kama matusi ni ya mtaani na unadhani mkaguzi wa ng'ambo hataelewa. Gengetone nayo mara nyingi haina nafasi yake kwenye orodha za aina za muziki, na wengi huishia kuiweka kwenye hip hop, jambo ambalo kwa maoni yetu ni sawa kuliko kuibandika kundi la muziki wa dunia ambako hakuna kijana wa mtaa wa Umoja, Nairobi, anayetafuta chochote.

Sauti ipelekwe kama faili ya WAV, ya 16-bit na kHz 44.1 au zaidi. MP3 iliyogeuzwa kuwa WAV ni MP3 bado. Spotify hushusha au kupandisha sauti hadi takriban LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo masta iliyobanwa hadi -6 itashushwa tu, na ngoma zitasikika bapa kando ya wimbo uliopewa nafasi ya kupumua. Acha kilele kisipite dB -1. Picha ya jalada iwe ya mraba, pikseli 3000 kwa 3000, RGB, bila namba ya simu ya kuitia shoo.

Tarehe

Pakia wiki nne kabla. Tangu Julai 2015 Ijumaa ndiyo siku ya kimataifa ya kutoa muziki, na wahariri wa orodha huijenga wiki yao juu yake. Spotify huhitaji wimbo upendekezwe kupitia akaunti ya msanii angalau siku 7 kamili kabla ya kutoka ili uingie kwenye orodha za nyimbo mpya za wafuasi wako. Wahariri wanahitaji zaidi. Weka utoke saa sita usiku ya kila nchi. Ukichagua saa sita usiku ya UTC, saa ya kimataifa, Nairobi itaupata saa tisa usiku, na mashabiki waliokesha watakuwa wamelala.

Pesa

Hakuna bei moja ya kila usikilizaji. Kwenye jukwaa kama Spotify, mapato ya nchi moja kwa mwezi, ya ada na ya matangazo, hugawanywa kufuata sehemu ya usikilizaji iliyokuwa yako katika nchi hiyo. Ada ya Nairobi ni ndogo kuliko ya Stockholm na wengi hapa husikiliza bure, kwa hiyo usikilizaji 10,000 wa Kenya hulipa kidogo kuliko 10,000 wa Uswidi. Tena, tangu 2024 Spotify hailipi mapato ya rekodi kwa wimbo usiofikisha usikilizaji 1,000 katika miezi 12 iliyopita. Nyimbo tatu zinazosukumwa vizuri zina faida kuliko kumi na tano zilizomwagwa siku moja.

Wauzaji wa usikilizaji wapo, na hutumia mashine. Spotify ikigundua usikilizaji mwingi wa bandia huondoa hesabu hiyo na kumtoza msambazaji faini, naye hukukata wewe.

Upande wa kodi, jaza W-8BEN, fomu ya kodi ya Marekani kwa watu wa nje, ukitumia PIN yako ya KRA kama namba ya mlipakodi wa nje. Kenya haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, hivyo pesa zilizotoka kwa wasikilizaji wa huko hukatwa 30%. Zilizotoka nchi nyingine hazikatwi kodi hiyo ya Marekani. Fomu hiyo huisha nguvu mwisho wa mwaka wa tatu baada ya ule ulioitia saini. Mlipaji akiwa Kenya, kuanzia Julai 2023 malipo ya maudhui ya kidijitali kwa mkazi hukatwa 5%. Yote hutangazwa iTax kabla ya Juni 30 kuisha. Jina la akaunti ya malipo lifanane na kitambulisho chako, si jina la jukwaani. PayPal hutoa pesa hadi M-Pesa, lakini linganisha kiwango cha kubadilisha dola na cha benki kwanza.

Baada ya uzinduzi

Siku ya kwanza jitafute kwenye jukwaa hilo kwa simu ya Kenya. Kama kuna kurasa mbili au wimbo wa mtu mwingine umekukalia, omba marekebisho mara moja, kabla wafuasi hawajagawanyika. Taarifa ya malipo hufika miezi miwili hadi mitatu baada ya mwezi wa usikilizaji. Ifungue kama jedwali, chuja safu ya nchi ubaki na Kenya, ulinganishe na hesabu za ukurasa wako wa msanii. Jukwaa jipya likikosekana kabisa kwenye taarifa hiyo, mwandikie msambazaji ukitaja UPC, yaani namba inayolitambulisha toleo zima, ISRC ya wimbo, mwezi husika, na uambatishe picha ya skrini inayoonyesha wimbo ukicheza.