Estrojeni ikipanda ukiwa kwenye sindano za testosteroni: rekebisha dozi kabla ya kumeza kidonge

Ukichomwa testosteroni, sehemu yake itageuka estrojeni, utake usitake. Anayeigeuza ni kimeng'enya kiitwacho aromatasi, na kwa kuwa kiko kwa wingi kwenye mafuta ya mwili, mwenye kitambi hugeuza nyingi kuliko mwembamba kwa dozi ileile. Wala si jambo la kuogopa. Estrojeni ndiyo inayolinda mifupa ya mwanaume, na ikikauka hamu ya tendo la ndoa huondoka nayo. Shida huanza inapopanda sana, na mara nyingi chanzo ni jinsi sindano zilivyopangwa.

Chukua ampuli ya kawaida ya Sustanon au ya enanthati, aina mbili za testosteroni ya sindano: miligramu 250 ndani ya mililita 1. Ukichomwa yote kwa mkupuo, siku za mwanzo testosteroni inaruka juu na estrojeni inaifuata, chuchu zinauma. Kabla ya sindano inayofuata umeshaanza kulegea. Kwa enanthati, dozi ya kawaida kwa aliyethibitishwa kupungukiwa ni miligramu 75 hadi 100 kwa wiki, au 150 hadi 200 kila wiki mbili. Daktari wako akikubali, miligramu 100 za wiki zinaweza kugawanywa Jumatatu na Alhamisi, 50 kila mara. Hiyo ni mililita 0.2 tu. Kwa bomba la mililita 5 huwezi kuipima vizuri. Kosa la unywele ni nusu ya dozi. Omba bomba la mililita 1, vuta dawa kwa sindano nene maana ni mafuta, kisha badilisha sindano kabla ya kuchoma.

Hapo kuna kikwazo ambacho wengi hukiruka. Ampuli ikishavunjwa shingo haihifadhiwi, hata uifunike vipi. Kinachobaki kinatupwa, na bei ya matibabu inapanda. Kichupa chenye kizibo cha mpira kilichotengenezwa kwa dozi nyingi ndicho kinachofaa kugawanya. Kisipopatikana, zungumza na daktari kuhusu undekanoati, testosteroni ya kukaa muda mrefu: miligramu 1000 katika mililita 4, inachomwa polepole kwenye kituo cha afya, ya pili huweza kutolewa baada ya wiki 6, halafu kila wiki 10 hadi 14. Haina milima na mabonde makali. Dawa hizi za mafuta usiziweke kwenye friji, zinaweza kuganda chembechembe. Usiziache kwenye gari wala chini ya bati lisilo na dari pia, maana joto la Dar la Januari na Februari hupita nyuzi 30 bila kubembelezwa. Na kabla ya kulipa, hakikisha dawa imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania. Ampuli za kuuziana gym hujui hata kilichomo.

Vipimo sasa. Toa damu asubuhi, maabara ileile, na siku ileile ya mzunguko: katikati ya sindano mbili kwa enanthati, kabla tu ya sindano kwa undekanoati. Omba testosteroni, estradioli (estrojeni kuu inayopimwa) na hematokriti (kiasi cha chembe nyekundu katika damu) kwa pamoja. Ukibadilisha mpangilio wa enanthati, subiri kama wiki 6 ndipo upime tena. Majibu yakija, tazama kizio kabla ya namba. Kwa wanaume estradioli huwa takriban 10 hadi 40 kwa pg/mL, ila maabara nyingine huandika pmol/L, na 1 ya kwanza ni 3.67 ya pili. Kwa hiyo 110 pmol/L ni kama 30 tu, hakuna cha kukukosesha usingizi. Kama unameza vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini, mwambie daktari na uviache angalau siku 3 kabla ya damu, kwani baadhi ya mashine hudanganyika na kuonyesha homoni hizi juu kuliko zilivyo.

Namba peke yake haitoshi, jikague. Lala chali, weka kidole gumba na cha shahada pande mbili za titi, vileta taratibu kuelekea chuchu. Ukigusa kisahani kinachonesanesa kama mpira, chini ya chuchu hasa, hiyo ni tezi ya titi iliyokua. Vidole vikikutana bila kuzuiwa, ni mafuta tu. Uvimbe mgumu wa upande mmoja, ulio kando ya chuchu, au chuchu inayotoa damu, ni wa kwenda hospitali wiki hiyohiyo. Maji yanayojikusanya mwilini, dalili nyingine ya estrojeni kuwa juu, yapime kwa kubonyeza ugoko uone kama shimo linabaki, asubuhi, si jioni baada ya saa mbili za foleni, maana hapo miguu ya kila mtu imevimba.

Dalili zipo na estradioli iko juu kweli? Daktari kwanza apunguze dozi au aigawanye, nawe upunguze kitambi na bia. Anastrozoli, kidonge kinachozuia aromatasi, ni ya mwisho. Ni dawa ya saratani ya matiti, na kidonge chake cha miligramu 1 ni kikubwa mno kwa kazi hii. Madaktari wanaoiandika kwa wanaume huanza na robo au nusu, mara mbili kwa wiki. Anayemeza kizima kila siku huishia na magoti yanayouma, uchovu na hamu iliyokufa, kisha anadhani estrojeni bado iko juu na kuongeza kingine. Hukaa mwilini siku kadhaa, kwa hiyo kosa halifutiki kesho yake. Tamoksifeni ni kitu kingine: haishushi estrojeni, huizuia kwenye titi, na husaidia zaidi tezi ikiwa bado changa na inauma. Ikishakaa mwaka na kuwa ngumu, kwa kawaida kinachobaki ni upasuaji.

Na hematokriti ikipita asilimia 54, sindano zinasimamishwa hata kama estradioli ni safi.