Goti likiumia kwenye skii, mto uende chini ya kisigino

Ukianguka ukiteleza kwa skii kwenye theluji ya milima ya Alps, Ulaya, na goti likajipinda, usililaze juu ya mto. Maumivu hupungua, ndiyo, lakini goti likizoea kukunjika kwa siku tatu nne, kulinyoosha tena ni kazi ngumu. Weka mto chini ya kisigino, mguu uwe juu kuliko moyo, goti linyooke lenyewe. Daktari akishathibitisha hakuna mfupa uliovunjika, kaza msuli wa mbele ya paja, hesabu 5, legeza. Mara 10, kila saa mbili ukiwa macho. Msuli huo husinyaa haraka sana goti likivimba.

Barafu ni dakika 15 hadi 20, imefungwa kwa taulo. Bandeji izungushwe kutoka chini kwenda juu. Vidole vikifa ganzi, ilegeze. Kwenye ngazi, panda kwa kutanguliza mguu mzima, shuka kwa kutanguliza magongo na mguu ulioumia.

Goti lililovimba ndani ya saa chache mara nyingi limejaa damu, na huenda kano ya msalaba, utepe mgumu unaoshikilia mifupa ndani ya goti, imechanika. Eksirei haionyeshi kano, kwa hiyo ulizia kipimo cha MRI, picha ya sumaku inayoionyesha. Shavu la mguu likivimba na kuuma, nenda hospitali siku hiyohiyo, kabla ya kupanda ndege: huenda damu imeganda kwenye mshipa.