Mafunjo ya mapambo kwa kivuli ambacho paspalamu imekishindwa

Chini ya mwembe au nyuma ya ukuta mrefu, paspalamu, ile nyasi ya uani, hukonda, hubadilika manjano, kisha udongo unabaki mtupu. Wateja wangu wengi hapa Kampala hutaka niongeze mbolea. Mbolea haizibi pengo la jua. Panda jamii ya mafunjo yanayostahimili kivuli. Utaitambua kwa kupapasa shina: mara nyingi lina pembe tatu, wakati la nyasi ni la mviringo.

Hatua ya 1: Chagua aina. Pakiwa na unyevu, chukua Cyperus involucratus, yenye majani yaliyotandazwa kama mwavuli; hufika mita moja na zaidi. Pakikaukakauka, Cyperus albostriatus hufaa zaidi, nayo ni fupi. Carex oshimensis ya Japani, yenye michirizi ya krimu, inapendeza sana pichani, ila hupenda ubaridi. Ningeipanda Kabale kwenye milima yenye baridi, si Kampala. Yale mafunjo marefu ya kinamasini yanataka jua na maji tele, basi yaache hukohuko.

Hatua ya 2: Safisha ndago. Hapa usifanye haraka. Ndago, lile gugu lenye viazi vidogo ardhini, ni ndugu wa mimea hii, na ikishachipua katikati ya shada ni taabu kuitenganisha. Tena hutapata dawa ya kuua mmoja na kumwacha mwenzake. Chimbua, fuata nyuzi zake, okota kila kiazi cheusi. Ukichuma majani tu, itarudi. Chini ya mti usikate mizizi mikubwa. Chimba vishimo kati yake, inatosha.

Hatua ya 3: Gawa na upande. Ngoja mvua za Machi au Septemba zishike. Pasua shada kwa kisu kikali, kila kipande kiwe na machipukizi matatu hivi na mizizi yake. Punguza majani hadi nusu, panda kwa nafasi ya sentimita 30, shingo ya mmea, yaani pale shina linapokutana na mizizi, ilingane na udongo. Tandaza maganda ya kahawa, lakini yasiguse shingo.

Ile ya mwavuli ina njia rahisi zaidi: kata kichwa na kipande kifupi cha shina, punguza majani, kipindue ndani ya glasi ya maji. Baada ya wiki chache kitatoa mizizi.

Hatua ya 4: Kwenye chungu. Ndoo kuukuu ya rangi inatosha. Changanya udongo mweusi sehemu mbili, mboji moja, mchanga moja. Kwa albostriatus na Carex, toboa matundu chini. Ya mwavuli huvumilia ndoo isiyotobolewa, mradi maji yasituame juu ya udongo, maana mbu hawahitaji mwaliko.

Ncha zikiwa kahawia, kwanza angalia maji. Mashina makavu yakate chini kabisa. Katikati ya shada pakianza kufa, ling'oe, tupa kiini, na upande vipande vya pembeni.