Mwaga Begi Kwanza: Kuchagua Fimbo za Gofu za Kubeba

Nilibeba mabegi ya watu Nairobi miaka tisa kabla sijawa na fimbo hata moja ya kwangu, kwa hiyo jambo hili nililijua kwa bega kwanza. Kulikuwa na mzee mmoja ambaye begi lake nililipima siku moja kwenye mizani ya jikoni: kilo 17. Ndani mna fimbo 14 kamili, na kwa mashimo yote 18 alikuwa akigusa nane. Sita zilikuja kutembea tu, tena kwa miguu yangu.

Anza hivi: mwaga begi lote chini. Shika fimbo moja moja na ujiulize mara ya mwisho ilipiga mpira lini. Ukianza kujitetea, "hii nitaihitaji siku moja", iweke kando.

Kanuni inataka zisizidi 14. Haikatazi zipungue. Kikomo hicho chenyewe kilikuja baadaye, Marekani wakikianza mwaka 1938, maana wachezaji walikuwa wakibebesha watu mzigo kama wa punda. Mwaka 1916 Chick Evans alitwaa ubingwa wa wazi wa Marekani akiwa na fimbo saba. Na ukianza raundi na kumi, unaruhusiwa kuongeza njiani mpaka zitimie 14, mradi usicheleweshe mchezo na usiazime fimbo ya mtu anayecheza uwanjani.

Ukizidisha, utalipa mikwaju miwili (mapigo ya ziada kwenye hesabu yako) kwa kila shimo ulilocheza nayo, isizidi minne kwa raundi. Makedi wote, yaani sisi wabeba mabegi, tunamjua mchezaji Ian Woosnam wa Wales kwa hilo. Mwaka 2001, siku ya mwisho ya The Open, ubingwa wa wazi wa Uingereza, kule Royal Lytham, alicheza shimo la kwanza vizuri ajabu, mpira nusura uingie kwa mkwaju mmoja. Alipofika shimo la pili, kedi wake akagundua begini mna fimbo 15. Alikuwa akijaribu dreva mbili, fimbo za kupigia mbali zaidi, mazoezini, na ya pili haikutolewa. Mikwaju miwili ikaenda, akamaliza wa tatu, sawa na wengine. Mimi nikisimuliwa habari hiyo bado tumbo hunikata.

Sasa kazi yenyewe. Nenda uwanja wa mazoezi na daftari. Piga mipira kumi kwa kila fimbo, tupa miwili iliyokwenda mbali kuliko yote na miwili mibovu kabisa, kisha chukua wastani wa iliyobaki. Andika mpira ulipotua, usiandike uliposimama baada ya kubiringika. Ile yadi 180 uliyopiga mara moja Desemba iliyopita, upepo ukiwa mgongoni, isahau.

Ukishapata namba, zipange kuanzia ndefu hadi fupi na utazame nafasi kati ya fimbo na fimbo. Yadi kumi hadi kumi na tano ni sawa. Mbili zikikaribiana chini ya yadi nane, moja haina kazi. Ukikuta pengo la yadi 25, hapo ndipo unapopoteza mikwaju, maana kila mara utakuwa ukipiga nusu ya fimbo moja au ukiilazimisha nyingine.

Usiziamini namba zilizochongwa kwenye chuma. Seti yangu ya kwanza niliiunga vipande vipande: chuma namba saba ya kizamani kwa huyu, namba nane mpya kwa yule. Miezi miwili nikawa nashangaa kwa nini zote mbili zinafika palepale. Fundi mmoja akazipima mwinamo wa uso, ule unaogonga mpira: zote digrii 36! Watengenezaji wa siku hizi wamesimamisha nyuso za fimbo ili mnunuzi aone mpira unakwenda mbali. Ukinunua mtumba, uliza digrii.

Fimbo ndefu za chuma, yaani tatu na nne, mpe mtu anayezipenda. Rafu nyingi za Nairobi, yale majani marefu ya pembeni, ni nyasi za kikuyu, na nyasi hizo hukamata shingo ya fimbo kama mtu aliyekushika shati. Uso unajifunga, mpira unakimbilia kushoto. Haibridi, fimbo iliyo kati ya chuma na mbao (ile ya kichwa kikubwa), ina tako pana, yaani upande wa chini, inapita juu ya nyasi badala ya kuzikata. Mzee akiniambia, "Nipe nne," nilikuwa namjibu, "Mzee, humo chukua haibridi," na yeye ananitazama kana kwamba nimemtukana. Baada ya mpira wa pili kubaki palepale, mkono ulikuwa unakuja wenyewe kuomba haibridi.

Dreva nayo usibebe kwa heshima. Kama mbao namba tano inakupa yadi 200 katikati ya njia, na dreva inakupa 220 ndani ya miti, unajua jibu.

Kwenye weji, fimbo fupi za kuinua mpira juu, ndipo ninapotaka utumie muda, maana karibu na grini, pale penye shimo, ndipo raundi nyingi huharibika. Tazama digrii ya ile weji iliyokuja na seti. Nyingi za sasa ziko 44 au 46. Ukiruka moja kwa moja hadi weji ya mchanga ya 56, umeacha pengo la digrii kumi au zaidi. Tia moja ya 50 au 51 katikati. Ya 60 iache kwanza. Inapendeza kwenye televisheni, lakini kwa wengi wetu inapiga ama kichwa cha mpira ama udongo.

Halafu geuza weji uangalie tako lake. Lililobinuka sana linafaa mchanga laini na ardhi iliyolowa, kama wakati wa masika, kwa sababu halizami. Januari na Februari ardhi ikiwa imekauka kama sahani, tako hilo linagonga na kuruka, na mpira unavuka grini yote. Mimi ya 56 ina tako nene na ya 51 ina tako jembamba, nabadilisha kulingana na ardhi. Hakuna haja ya kununua nne.

Uwanja nao una neno lake. Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600, hewa ni nyepesi. Saba yangu inayofika yadi 150 huku, nilipoenda Nyali, Mombasa, ilikata tamaa kwenye 140, na kusi ikipuliza usoni ilikuwa 125. Safari hizo natoa fimbo moja na kuingiza chuma namba tano, niupige mpira chini chini. Ukitoka pwani kupanda huku, fanya hesabu kinyume.

Begi langu leo: dreva, mbao namba tano, haibridi nne na tano, chuma sita hadi tisa, weji ya 46, ya 51, ya 56, na pata, ya kusukumia mpira shimoni. Kumi na mbili. Anayeanza aanze na saba: mbao namba tano, haibridi, saba, tisa, weji, ya mchanga, pata. Pata ichague kwa macho. Ukiiweka nyuma ya mpira na unahisi imekaa upande, haikufai hata kama ni ya bei mbaya.

Usiku wa kuamkia mashindano nahesabu kwa kidole, nakigusa kila kichwa. Jumamosi moja nilikuta ya binti yangu, fupi kama mwiko, imejificha nyuma ya mwavuli. Ilikuwa ya kumi na tatu. Nikaiacha.