Kupima seli changa za B zinavyoshika stroma ya uboho, na kwa nini zako zote zinabanduka

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja anayesoma uzamili alinipigia simu nikiwa kwenye foleni ya Mwenge. "Kaka, shikamoo. Sahani nzima ni sifuri, hakuna hata seli moja iliyoshika." Sikuuliza habari za seli. Niliuliza, "Umeoshea maji gani?" Mwenyewe niliwahi kupoteza wiki mbili palepale.

Kwenye uboho, seli changa za B (seli nyeupe za damu ambazo zikikomaa hutengeneza kingamwili) hazielei ovyo. Hujishikiza kwenye seli za stroma, ambazo huzipa mahali pa kukaa na viashiria vya kukulia. Mshiko mkuu ni wa VLA-4, integrini (protini ya kushikia) iliyo juu ya seli changa, na VCAM-1, protini inayoshikwa, iliyo juu ya stroma. Huo ndio tunaoupima.

1. Panda stroma. Natumia MS-5, seli za stroma ya uboho zinazokuzwa maabara. Ni ya panya, lakini VLA-4 ya binadamu huishika VCAM-1 yake vizuri tu. Sahani ya visima 96, seli 10,000 kila kisima, ilale usiku kucha hata kama una haraka, maana tripsini, kimeng'enya tunachobandulia seli kwenye chupa, huzikata protini za juu ya seli na zinahitaji muda kuota tena. Umeme ukikatika usiku na jenereta ikachelewa, anza upya. Tenga visima vya stroma peke yake, na vingine vilivyopakwa albumini, protini ambayo seli hizi haziishiki, bila stroma.

2. Andaa seli changa. Nalm-6, seli changa za B za binadamu zilizotokana na saratani ya damu, zinatosha kujifunzia. Zipake kalseini, rangi inayong'aa ndani ya seli hai, hesabu, weka 50,000 kila kisima.

3. Ziache zishike. Saa moja, nyuzi 37. Ukizilaza humo, nyingine zitatambaa hadi chini ya stroma. Kwenye hadubini utaona za juu zinang'aa na za chini zimefifia kuwa nyeusi. Hapo unapima kuhama, si kushika.

4. Osha. Hapa ndipo watu wanapolia.

Integrini haishiki mikono mitupu, inataka ioni za metali, hasa magnesiamu. PBS (maji ya chumvi ya kuoshea seli) nyingi tunazotumia hazina magnesiamu wala kalsiamu. Ukiosha nayo unafungua mshiko kwa mkono wako mwenyewe, halafu unaandika kwamba seli hazishiki. Yenye EDTA, kemikali inayozinasa ioni hizo, ndiyo balaa kabisa. Soma kibandiko cha chupa, usimwamini aliyekuachia friji.

Mimi huoshea RPMI, maji ya kukuzia seli yenye ioni hizo, pamoja na serumu asilimia 1, iliyopashwa hadi nyuzi 37. Kupasha si madoido. Zamani nilikuwa naitoa friji na kuimimina hivyohivyo, nikidhani joto la Dar litaniharibia seli, kumbe baridi ndiyo iliyokuwa inaulegeza mshiko.

Pampu ya kufyonza siitaki hata kuiona kwenye kazi hii. Kisima kimoja hufyonzwa kwa nguvu, cha pili kwa huruma. Jaza visima, ziba sahani kwa plastiki ya kunata bila kuacha mapovu, ipindue dakika 15 ili uzito wenyewe uziangushe zisizoshika, kisha mwaga. Rudia mpaka visima vya albumini viwe karibu vitupu. Hivyo ndivyo vinavyokuambia uoshe mara ngapi. Kwangu huwa tatu. Na usitie manganizi ili "kusaidia", kwa sababu hulazimisha integrini zishike na tofauti uliyokuwa unaitafuta inafichika.

5. Soma mwanga. Toa ule wa visima vya stroma peke yake.

6. Ziba mshiko. Seli nyingine zikae na HP2/1, kingamwili inayoiziba VLA-4, nusu saa kabla ya kuziweka juu ya stroma, na nyingine na kingamwili isiyohusika. Kwa HP2/1 namba isiposhuka, ulichokiona si VLA-4. Isiposhuka hadi sifuri usishtuke, ipo mishiko mingine.

Mdogo wangu alirudia Ijumaa kwa RPMI ya moto. Visima vya stroma vilijaa, vya albumini vikabaki na seli mbili tatu. Chupa ya PBS ameiandika kwa maka nyekundu: SI YA KUOSHEA.